Kikao cha wazazi kuhusu aljebra

Juzi huku Cambridge, Massachusetts, nilikaa kwenye kikao cha wazazi ambacho ajenda yake ilikuwa aljebra. Si mchango wa mlinzi, si madawati, si uji. Aljebra ya darasa la nane. Mama mmoja aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu, bado kavaa sare ya hospitali, alisimama na daftari la mwanawe akauliza kwa nini milinganyo ukurasa mzima imewekewa alama ya vema bila mtoto kuulizwa amefikaje kwenye jibu. Mwalimu alimsikiliza, akaandika, akataja siku ya kumjibu. Nilitoka pale nimefurahi na kukasirika kwa pamoja.

Msidhani huku mambo yamenyooka. Mji huu uliwahi kuiondoa aljebra darasa la nane, kwa hoja kwamba watoto weusi na Walatino walikuwa wakiachwa nyuma. Mwaka 2023 wazazi walilalamika hadharani: mwenye fedha anamlipia mwanawe tuisheni, asiye nazo je? Idara ya elimu ikaahidi kuirudisha. Wazazi waliidai hesabu kama sisi tunavyodai maji.

Na aliyewazoesha watu wa mji huu kudai hivyo alipita kwetu. Bob Moses, yule aliyehangaika na wakulima weusi wa Mississippi wajiandikishe kupiga kura, alifundisha hisabati Same, Upareni, kuanzia 1969 hadi 1976. Binti yake mkubwa, Maisha, alizaliwa Tanzania. Waliporudi Marekani, binti akafika darasa la nane, shule yake ya Cambridge haina aljebra. Baba akaingia darasani kumfundisha yeye na wenzake, na mwaka 1982 ukazaliwa mradi wa Algebra Project. Hadi anafariki mwaka 2021 alishikilia neno moja: asiyejua hesabu leo ni kama aliyenyimwa kura jana.

Njia yake ilikuwa hii. Watoto walipandishwa treni ya Red Line, wakachora safari, wakaisimulia kwa maneno yao, halafu ndipo zikaja alama za hesabu. Chukua kituo cha Central kiwe sifuri. Kwenda Harvard ni chanya moja, Porter chanya mbili. Ukigeukia Kendall ni hasi moja. Mtoto anaiona hasi kama upande wa kuendea.

Sasa tazama picha aliyonitumia dada yangu, ya daftari la mpwa wangu wa kidato cha pili, Dar es Salaam. −3 − 5 = 2. Mkasi mwekundu wa kosa, chini yake "fanya masahihisho". Akasahihisha: 8. Mkasi mwingine. Basi. Mtoto huyo anapanda mwendokasi kila siku! Magomeni ingekuwa sifuri, Kivukoni chanya, Kimara hasi, na angetoka amejua kwamba ukiwa vituo vitatu upande wa Kimara, ukazidi kwenda vitano, uko vituo vinane huko huko.

Najua mtakavyoniambia. Nimeshiba ya watu, nimesahau mwalimu mmoja mwenye wanafunzi mia moja na chaki ya kugawana. Sijasahau. Nimesoma shule ya kata, vitendo vya kemia tulifanyia kwenye karatasi, na mwalimu wangu wa hesabu alikuwa hodari kuliko wengi ninaowaona huku. Simlaumu yeye. Ninachokilalamikia ni sisi wazazi: matokeo ya kidato cha nne yanatoka, Hisabati mkiani miaka nenda rudi, mwaka 2023 wamefaulu karibu robo tu ya watahiniwa, nasi tunasema hesabu ni za vipanga wa Ilboru na Kibaha. Maabara tulichangishwa, tukajenga. Nani aliyerudi kuuliza kama kuna mwalimu wa kuzitumia?

Mwingine atasema, "Mimi mwenyewe niliishia la saba, nitadai aljebra vipi?" Ndugu yangu, wakulima wale wa Mississippi wengi hawakujua kusoma vizuri, na ndio waliosimama mlangoni mwa msajili wakidai kura. Kudai hakuhitaji cheti. Wewe ndiye unayemwona mtoto akilia na daftari saa tatu usiku.

Dada ananiambia kikao kijacho kitajadili ukuta, na mchango wake nitume mimi. Nitatuma. Ila nimemwomba, yatokanayo na kikao kilichopita yakiisha kusomwa, anyooshe mkono aulize: kidato cha pili kina mwalimu wa hesabu, na muhula huu vipindi vilivyofundishwa kweli ni vingapi? Na jibu liandikwe kwenye muhtasari.