Koa wa Wasini: jicho au vinasaba?

Mwaka 1904 Charles Eliot, kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki, alimpa koa mmoja wa baharini jina la Kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya: Halgerda wasinensis. (Asichanganywe na jongoo bahari anayekaushwa na kuuzwa, koa ni jamaa ya konokono, ila hana gamba.) Sijui alipata wapi nafasi ya kuhesabu meno ya koa kwa hadubini, na himaya nzima ikimsubiri. Jina alilotoa linatumika hadi leo, ingawa njia yake ilikuwa na kasoro kubwa: koa akishatiwa kwenye spiriti, rangi humtoka.

Na rangi yenyewe ni mdanganyifu. Mwaka 2018 watafiti, akiwemo Terrence Gosliner wa California Academy of Sciences, walitangaza spishi mpya 17 za Hypselodoris, kundi la koa wa baharini. Mmojawapo, Hypselodoris iba, ana sura mbili zisizofanana. Picha ilinasa koa wa rangi tofauti wakipandana, na vinasaba vikathibitisha kuwa ni spishi moja. Kwa macho tu wangeandikwa wawili.

Hapo wapenzi wa maabara wana haki. Lakini wapo wanaonung'unika, nami nawaunga mkono nusu: spishi inayotenganishwa na vinasaba pekee inamsaidia nani kule majini? Mpiga mbizi wa Wasini hana mashine ya kusoma vinasaba, ana macho na kamera.

Kuna pia suala la muda. Bathydevius caudactylus, koa wa kina kirefu, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na watafiti wa MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari huko California, akapewa jina 2024, baada ya kuonekana zaidi ya mara 150. Uangalifu wa kupigiwa mfano. Ila miamba yetu ya matumbawe haina subira hiyo. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi pwani hii. Bora jina litolewe mapema kwa picha na sampuli, hata likija kufutwa baadaye. Katika elimu ya wanyama majina hufutwa kila mara na hakuna anayeona aibu.

Tena, fumbo la Hypselodoris iba lilianza kwa jicho, maabara ikajibu. Huku kwetu maji yakitoka wakati wa bamvua, kinamama wa pweza ndio wanaoukanyaga mwamba, fimbo mkononi, macho chini.