Ufa Ule Ungeachwa

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyolelewa. Mwaka 2016 mafundi wa jiji la Hayward, California, waliuziba, nami mpaka leo nausikitikia.

Ulikuwa ukingo wa barabara tu, kwenye kona ya mitaa ya Rose na Prospect. Saruji ilikuwa imekatika, kipande kimoja kikampisha mwenzake pole pole, maana chini yake umepita ufa wa Hayward, mpasuko mrefu wa miamba ambao pande zake mbili huteleza zikipishana, unaotambaa kama milimita 5 kwa mwaka bila kutikisa hata kikombe mezani. Wanajiolojia waliupiga picha tangu miaka ya 1970. Siku ya ukarabati, kumbukumbu yote ile ikabebwa na kifusi.

Ndiyo maana nawatetea wanaozika nyaya za kupimia mwendo wa ufa. Waya wa aloi ya chuma na nikeli, isiyotanuka ovyo kwa joto, hupitishwa ndani ya bomba kutoka ng'ambo moja ya ufa hadi nyingine. Huku umefungwa kwenye nguzo, kule unaishia kwenye kihisi. Haukatizi ufa kwa pembe mraba. Hulazwa mshazari, mara nyingi digrii 30 hivi. Ungekatiza hivyo, ardhi ingesogea milimita moja na urefu wa waya usibadilike kwa kiasi cha kuonekana. Ukiwa mshazari, sehemu kubwa ya milimita ile inaingia kwenye waya. Kwangu huo ni ufundi wa kuvulia kofia.

Kweli, mvua huusumbua: udongo wa mfinyanzi ukinywa maji hufura na kuzisukuma nguzo. Na huko Parkfield, kijiji cha California kilicho kwenye ufa mwingine, Septemba 2004, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilipiga katikati ya vipimo vya kila aina bila dalili ya wazi kutangulia. Wapo wanaosema basi havina kazi. Siafiki hata kidogo. Kazi yake ni kutunza hesabu ya deni: ufa wa Hayward husukumwa takriban milimita 9 kwa mwaka, juu tunaona 5, na salio linajilimbikiza kwenye miamba iliyong'ang'aniana huko chini. Mara ya mwisho deni kubwa kulipwa, kwa tetemeko, ni 1868.

Satelaiti huona eneo pana, sikatai, lakini hupita leo na kurudi baada ya siku kadhaa. Ufa unaweza kulala wiki nyingi, ukaruka milimita chache kwa saa chache, ukalala tena. Saa hizo huzijua waya peke yake.