Mwezi gani, Mzee?

Jamani mimi kazi yangu ni mtu wa data, hivyo ndo ilivyoandikwa kwenye mkataba. Mama mkwe wangu yeye anajua ni fundi kompyuta, kwa hiyo kila nikienda Magu kusalimia nakuta redio iliyokufa imewekwa mezani inanisubiri. Zamani nilikuwa najitetea, siku hizi naomba bisibisi tu nafungua. Bora redio asee. Redio ikigoma inanyamaza, haikuletei chati ya rangi nzuri nzuri ambayo ni uongo kuanzia juu mpaka chini.

Ofisi yetu iko Kirumba, Mwanza, ukitoka nje pua yenyewe inakuonyesha soko la samaki la Mwaloni ni upande gani. Tunanunua dagaa visiwani, Ukerewe, Kome, mpaka Goziba huko, tunafunga tunauza. Mambo yalikuwa yanaenda na daftari na Excel mpaka siku Mzee (ni bosi, ila ukimwita bosi ananuna) alipoalikwa semina hotelini Capri Point akarudi na neno moja tu mdomoni. Dashibodi. "Kijana, nataka dashibodi. Nikiamka nishike simu nijue biashara yangu imelalaje." Basi ikanunuliwa programu ya majuu, siitaji jina maana sina hela ya wakili. Inalipiwa leseni kwa kichwa, kwa dola, kila mwezi. Mzee akauliza tuko vichwa vingapi, nikamwambia tisa. Akanunua moja.

Hiyo moja tuiache kwanza, nitakuja kuisema.

Wiki ya kwanza tu Mzee akaniuliza swali dogo. "Mwezi huu tumefanyaje ukilinganisha na uliopita?" Mimi na kiherehere changu nikabonyeza fasta, ikaja mishale, namba kubwaa, tumeshuka karibu nusu. Mzee akaitazama, akanitazama mimi.

"Huo ni mwezi gani?"

"Wa sita, Mzee."

"Mi nimekuuliza mwezi." Akanyoosha kidole juu kwenye siling'i bodi.

Hapo ndo nikajua nimeingia cha kike. Dagaa wa hili ziwa anavuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa juu ya maji dagaa anaifuata taa, sasa mwezi ukishakuwa mkubwa ziwa zima limekuwa taa, nani ahangaike na ya kwako? Zile siku kama kumi hivi za mbalamwezi mitumbwi inavutwa ufukweni watu wanashona nyavu, wananyoa ndevu, wanagombana na wake zao. Kwa hiyo watu wetu hawahesabu Juni na Julai, wanahesabu giza. "Giza hili tumepata, giza lile tumeumia." Kuna mwezi wa kalenda unabeba giza moja zima na kipande cha lingine, unaofuata unabeba mbalamwezi katikati kama mfupa, ukiwalinganisha hao wawili ni sawa na kulinganisha sahani na kisosi halafu unamlaumu mpishi.

Programu yenyewe ina wiki, ina mwezi, robo mwaka, ina mpaka mwaka wa fedha unauhamisha uanze unapotaka. Giza haina. Nimetafuta kwenye setingi siku mbili, nimefungua menyu ambazo naamini hata waliozitengeneza wameshazisahau. Mwisho nikakubali kwamba aliyeichora hii kitu hajawahi kununua dagaa.

Ikabidi niitengenezee kalenda yangu mwenyewe pembeni. Iko hivi, tarehe 6 Januari 2000 usiku kwa saa zetu mwezi ulikuwa mpya kabisa, giza totoro, na kutoka giza mpaka giza ni siku 29.53. Unachukua siku zote zilizopita tangu hiyo tarehe unagawa kwa 29.53, kinachobaki ndo umri wa mwezi. Ikibaki sifuri sifuri hapo ni giza, ikibaki kumi na nne au kumi na tano umejaa. Fomula ya mistari miwili lakini ilinichukua usiku tatu na soda nisizozikumbuka idadi, maana ile programu ukiikosea mabano haikwambii umekosea wapi, inakwambia tu kuna tatizo, kama mke aliyenuna. Ilipokubali nikapata Giza la 1, Giza la 2, mpaka la 12 na chenji. Mzee akafurahi akanipa mkono. Mhasibu akaja anauliza, sasa VAT tutapeleka giza la ngapi?

Basi ukadhani yameisha. Chati ya mstari ikawa inaruka zile siku za mbalamwezi, yaani siku isiyo na data kwake haipo, inachukua nukta ya kabla na ya baada inaziunganisha kwa mstari mnyoofu, ukiangalia unaona dagaa walikuwa wanaingia vizuri tu wakati watu walikuwa wananyoa ndevu. Dawa yake inajulikana, unajumlisha sifuri kwenye fomula ili patupu pawe sifuri. Nikajumlisha. Ile sifuri ikajaza mbalamwezi vizuri, halafu ikaendelea mbele, ikajaza na siku ambazo hazijafika, mstari umefika leo unaanguka mpaka chini unalala hapo hadi Desemba. Mzee alinipigia akiwa msibani, anaongea kwa sauti ya chini, "kijana, hii kampuni inakufa kesho?"

Na saa je. Sava za majuu zinahesabu saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko mbele yake saa tatu, kwa hiyo kwa akili yake siku mpya inaanza huku kwetu ikiwa saa tisa usiku. Mzigo uliopokelewa saa nane usiku unahesabiwa wa jana. Hilo nikalitibu kwa kolamu ya kujumlisha masaa matatu, sawa, ila kumbe kijana wa stoo anaandika saa ya kwetu. Amepokea saa kumi alfajiri anaandika 10, programu inaelewa saa nne asubuhi. Akauza saa moja asubuhi anaandika 1, programu inaelewa saa saba usiku. Kwa mujibu wa dashibodi dagaa wetu tuliwauza saa saba usiku wakafika saa nne asubuhi. Mzee hakukasirika hata kidogo, alisema biashara ya kuuza kabla hujanunua ndo aliyokuwa anaitafuta maisha yake yote.

Ramani sitaki hata kuiongelea ila ngoja niiongelee. Nimeandika Mwanza, ikaweka duara Malawi. Sibishi, kule Malawi Mwanza ipo kweli, mpakani na Msumbiji, ila sisi hatuna tawi kule. Nikaandika Kirumba ikanipeleka Kongo, Kivu Kaskazini. Ukiona hivyo unaacha majina unaweka namba za latitudo na longitudo, sisi ni 2.5 kusini na 32.9 mashariki, na hiyo kusini lazima uiandikie alama ya kutoa. Sasa siku moja nimekopi nikapesti, kile kialama kikadondoka njiani, stoo nzima ikaruka ikweta ikatua Uganda maeneo ya Lira, nchi kavu kabisa. Mzee: "Nani amepeleka mzigo Uganda bila kunishirikisha?"

Haya, ile leseni moja.

Watu tisa, akaunti moja, paswedi imebandikwa ukutani pembeni ya kalenda ya mwaka juzi. Hii programu ina tabia ya kukumbuka, filta (ile ya kuchuja uone sehemu moja tu) uliyoiacha jana ukifungua leo iko pale pale, kwa mtu mmoja ni kitu kizuri, inakutunza. Kwa watu tisa ni kama kuvaa kiatu cha jamaa mwingine bado cha moto.

Jumatatu moja saa kumi na mbili na nusu niko kwenye daladala kutoka Buhongwa, nimesimama nimekunja shingo, kwapa la mtu liko hapa, simu inaita. Mzee.

"Kijana, tumeibiwa."

"Mzee shikamoo. Nini tena?"

"Marahaba. Wiki nzima tumeuza gunia kumi na moja! Kumi na moja! Mimi nalisha watu tisa na gunia kumi na moja?" Mzee akiongea na simu sipika haina kazi, gari zima linasikia.

"Mzee angalia juu kulia, pameandikwa nini?"

"Pameandikwa Goziba."

Kumbe dereva jana yake usiku alikuwa anaangalia mzigo wa Goziba ajue aje na gari gani, akafunga simu akalala zake. Mzee kaamka kafungua, kwake dunia nzima imekuwa Goziba. Namwelekeza, Mzee bonyeza pale, siyo hapo, pembeni, hapo panapofanana na chujio, anasema hakuna chujio kuna kitu kama faneli. Konda akanigusa bega, "braza, gunia kumi na moja si haba, wengine hatuna hata moja."

Siku hiyo hiyo nikatengeneza kitufe kikubwa, kimekula robo ya ukurasa, nikakiandika FUTA FILTA. Wiki mbili Mzee hajakigusa. Namuuliza kwa nini, ananiambia, "mimi siwezi kubonyeza kitu kimeandikwa futa, nikifuta kampuni?" Nikabadilisha nikaandika RUDI MWANZO. Sasa anakibonyeza hata akiwa hana shida.

Rangi nayo. Programu inajua nyekundu ni hasara kijani ni faida, Mzee ni Simba damu. "Yaani tukipata faida mnanionyesha jezi za Yanga?" Nikageuza. Sasa faida nyekundu, ila ile mishale midogo ya pembeni rangi yake haibadilishiki, kwa hiyo una namba nyekundu ya faida na mshale wa kijani umesimama pembeni yake, wanashangilia wote. Mhasibu ambaye ni Yanga anasema ndo sehemu pekee ya dashibodi anayoielewa.

Maana huyo mhasibu kitufe anachokijua ni kimoja, cha kueksipoti. Anafungua dashibodi niliyoikesha, haangalii chati hata moja, anaeksipoti anaenda zake kwenye Excel. Ukieksipoti CSV, yaani faili la data tupu, inakukata mstari wa 30,000, yeye anaeksipoti kisiwa kimoja kimoja halafu anaviunga. Anasema Excel shiti moja ina mistari 1,048,576, anaitaja hivyo hivyo kwa kichwa kama mstari wa Biblia. Kila asubuhi anatupia picha ya shiti lake kwenye grupu la WhatsApp na watu wote wanaangalia hilo. Sijali. Sijali kabisa.

Basi kilichobaki cha kujivunia ni mwezi. Mzee aliupenda akasema niuweke juu kabisa, picha siyo namba, nikachukua vile vijimwezi vya emoji viko vinane, kuanzia giza mpaka umejaa mpaka giza tena, dashibodi inachagua yenyewe kulingana na umri. Mzee akawa anauonyesha watu Mwaloni, "mimi mwezi wangu uko mfukoni."

Sasa data zetu zinatoka kwenye kompyuta moja nyeusi iko chini ya meza ofisini kwa Mzee, hiyo ndo inazirusha majuu, na leseni yetu inaruhusu kurifreshi, yaani kuvuta data mpya, mara nane kwa siku basi. Kompyuta ikizimwa, programu inajaribu, inajaribu, ikishindwa mara nne mfululizo inazima ratiba yenyewe inakaa kimya. Ndo maana kwenye waya wake nilibandika karatasi, USICHOMOE, kwa maka peni, na soketi ofisini humo ni hiyo moja tu nzima.

Ijumaa iliyopita saa mbili usiku niko nyumbani nakula, simu ikaita.

"Kijana, toka nje."

Nikatoka na mkono una ugali.

"Unauona mwezi?"

Umejaa, mkubwa kama sinia, unaona mpaka mawe ya mlimani. "Nauona Mzee."

"Wa kwenye simu yangu ni nusu."

Nikahesabu kichwani. Nusu mpaka kujaa ni kama wiki moja. Wiki nzima dashibodi imelala na ofisini hakuna hata mtu mmoja aliyeona namba hazitikisiki, mimi nikiwemo.

"Mzee, samahani. Ijumaa ile nyingine kuna mtu alichemsha chai humo ofisini kwako?"

Kimya. Nasikia mbwa wa kwao anabweka.

"Nilikuwa na wageni," akasema. Akakohoa. "Sasa kwa leo nifuate upi?"

"Wa juu, Mzee."