Bango Limepauka, Bei Iko Palepale

Wiki jana shemeji alinipigia simu kutoka Kiamunyi. Amepata nyumba ya vyumba vitatu kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, mwenyewe anataka milioni 9. "Nimelinganisha, shemeji. Hapa zote ni tisa, kumi." Nikamuuliza: zimeuzwa, au zinauzwa? Kimya.

Hapo ndipo wengi wetu hapa Nakuru tunapokwama. Bei ya bangoni ni matumaini ya mwenye nyumba. Bango laweza kupigwa jua hadi maandishi yakafutika, na bado tunalitaja kama ushahidi. Mimi nahesabu pesa zilizomtoka mnunuzi, tena majuzi, kwa nyumba inayofanana na hiyo.

Kuzijua ndiyo kazi. Sachi ya ardhi, yaani upekuzi wa rekodi kwenye ofisi ya ardhi, itakuonyesha mwenye hati, ukubwa wa shamba na kama benki inaidai. Bei humo utaitafuta bure. Hata ile ya kwenye mkataba naitilia shaka. Mnunuzi mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4. Muuzaji naye, kama si nyumba aliyoishi mwenyewe, tangu Januari 2023 hukatwa asilimia 15 ya faida, si 5 kama zamani. Wote wawili wakishawishika kuandika kidogo, nani atawaumbua?

Kwa hiyo nilimwambia aache mabroka kwanza, abishe hodi kwa waliohamia karibuni. Watu huona haya kutaja walicholipa, lakini wakiona huna nia ya kuwauzia kitu, husema. Alipata watatu. Mmoja alinunua kwa milioni 7.4, ila ana kisima na geti lake liko kwenye lami. Ya shemeji iko ndani, njia ya matope mvua ikinyesha. Wa pili alilipa 6.8, nyumba ndogo kidogo. Wa tatu nilimwambia amtoe kabisa: alinunua kwa bei ya chini kwa sababu ploti ina cheti cha shea cha kampuni ya ardhi, haina hati. Hiyo ni bidhaa nyingine, hata kama ukuta ni mmoja. Ni kama kulinganisha Kiamunyi na nyumba za Mwariki ambako maji ya ziwa yamefika mlangoni.

Shemeji ametoa ofa ya milioni 6.7. Tangu Jumatatu broka hashiki simu.