Tor kuandikwa upya kwa Rust: ni nani hasa analindwa?

Septemba 2022 mradi wa Tor, mtandao unaoficha mahali mtumiaji alipo kwa kupitisha data yake kwenye kompyuta kadhaa, ulitoa Arti 1.0, yaani programu ya Tor iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust badala ya C. Wapo wanaouliza kama ilifaa kugusa msimbo unaofanya kazi tangu 2002.

Wanaoitetea Rust wana hoja nzito. Katika C, programu huweza kuachilia kipande cha kumbukumbu ya kompyuta, kisha sehemu yake nyingine ikaendelea kukitumia. Mshambulizi akiwahi kukijaza data yake, programu hufuata anwani aliyoiweka yeye na kutekeleza msimbo wake. Rust hukataa kosa hilo kabla programu haijajengwa, isipokuwa pale mwandishi alipozima ukaguzi makusudi. Wasanidi wa Tor walikadiria kwamba angalau nusu ya kasoro za usalama walizorekodi tangu 2016 zisingewezekana kabisa katika Rust.

Wenye shaka nao wasipuuzwe. Makosa ya kimantiki hupenya hata Rust, msimbo mpya huja na makosa yake, na relei, yaani kompyuta zinazopitisha data ya Tor, bado zinategemea toleo la C, kwa hiyo timu ileile inatunza programu mbili.

Mimi niko upande wa Rust. Lakini kwa mwandishi wa habari wa Nairobi anayepokea nyaraka za ufisadi kwenye laptopu ya Windows, hatari kubwa iko kwenye kivinjari. Tor Browser ni Firefox iliyorekebishwa, na sehemu kubwa ya Firefox ni C++, lugha yenye udhaifu uleule wa C. Arti haiufikii msimbo huo.

Agosti 2013 ilionyesha hivyo. Kasoro ya kumbukumbu ndani ya Firefox 17 ilitumiwa kuifanya kompyuta ipeleke jina lake na anwani ya MAC, namba ya kifaa chake cha mtandao, moja kwa moja kwa seva ya nje, bila kupitia Tor. Seva ikaiona IP halisi, yaani namba ya kompyuta hiyo kwenye intaneti. Marekebisho yalikuwa yametoka Juni, waliosasisha hawakuguswa. Hapa Kenya laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo IP ikiambatana na saa kamili inaweza kumfikia mwenye laini. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wakiahirisha kusasisha ili kuokoa bando.

Kusasisha peke yake hakutoshi, hata hivyo. Novemba 2016 shambulio jingine lilianza kabla marekebisho hayajakuwepo. Waliosalimika, kwa tathmini ya mradi wenyewe, ni waliokuwa wameweka usalama kiwango cha juu kabisa, kinachozima JavaScript, nyenzo ambayo mshambulizi huitumia kupanga kumbukumbu atakavyo.

Kwenye kompyuta, bonyeza alama ya ngao kando ya upau wa anwani, ingia mipangilio, chagua kiwango cha tatu, kisha funga kivinjari na kukifungua upya. Kwenye Android kiwango hicho kimo ndani ya mipangilio ya faragha na usalama. Tarajia usumbufu: fomu nyingi hazitatuma na video nyingi hazitacheza. Hapo ndipo wengi hukishusha kiwango "kwa dakika moja tu", wakasahau kukirudisha. Tovuti isiyo na siri, kama ya kulipia huduma, ifungue kwa kivinjari cha kawaida. Ngao ya Tor iache ilipo.