Grinda Iliyosukwa Upya Ipimwe kwa Volti Ngapi?

Mafundi wanaosuka mota za grinda na drili za mkono hawakubaliani juu ya namna ya kuthibitisha kwamba umeme hautavuja kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma anachogusa mtumiaji. Wapo wanaoona mega (kifaa cha kupima ukinzani wa uhami, yaani kinga inayozuia umeme kuvuja) ya volti 500 inatosha, na wapo wanaoshikilia kwamba mashine iliyosukwa upya haina budi kupitishiwa volti 1,000 na kuendelea kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Wanaotumia multimita nawaweka kando, maana betri yake ya volti 9 haiwezi kutoa ushahidi juu ya mashine inayotumia volti 230.

Wenye mega wana hoja nzito. Volti 500 zinazidi kilele cha umeme wa nyumbani, ambacho ni kama volti 325, lakini haziumizi vanishi inayofunika waya wa mota ikiwa nzima, hivyo kipimo kinaweza kurudiwa kila mashine inapoletwa. Mega hugundua unyevu, na pia vumbi la kaboni lililochanganyika na la chuma na kutanda karibu na vishikio vya kaboni. Ila ni lazima fundi aunganishe nyaya mbili za plagi pamoja kwenye ncha moja ya mega, aifunge swichi ikiwa imewashwa, ndipo ncha ya pili iguse mhimili wa diski, kwa sababu swichi inayokata nyaya zote mbili ikiachwa imezimwa, kinachopimwa ni waya wa nje tu. Tena apime mota ikiwa bado ya moto, kwani joto likipanda nyuzi 10, ukinzani wa uhami hupungua kwa takriban nusu.

Hata hivyo, mega haioni unene. Grinda nyingi zina alama ya mraba ndani ya mraba: uhami wake ni wa tabaka mbili, na hazina waya wa ethi. Kati ya mhimili na mabamba ya chuma ya amecha (sehemu ya mota inayozunguka) huwa kuna ala ya plastiki. Ikifungwa amecha isiyo na ala hiyo, tabaka la pili limeondoka, lakini kipimo cha mega bado kitavuka kwa mbali megaomu 2 (kizio cha ukinzani), kiwango cha chini kinachotumika Uingereza kwa mashine za aina hii. Waya uliokwaruzwa nao hupita, kwa kuwa hata pengo la hewa la sehemu ya kumi ya milimita halirukwi na volti 500.

Volti za juu hulifichua pengo hilo, lakini huchosha uhami zikirudiwa, huweza kuunguza saketi ya kudhibiti mwendo, na humhatarisha fundi mwenyewe. Kwa maoni yangu, zitumike mara moja tu, baada ya vanishi kukauka na kabla saketi haijarudishwa, kisha mega ichukue nafasi yake. Ama amecha isiyo na ala kwenye mhimili, irudishwe dukani kabla haijafungwa, hata ikifaulu vipimo vyote viwili.