Mbwa Anaitwa Sidaiwi

Mbwa wa rafiki yangu anaitwa Sidaiwi. Naanza na hilo mapema ili msije mkaniona mimi ndiye mwenye roho mbaya. Najua mbwa wengi hupewa jina la kumpelekea jirani ujumbe. Mtaani kwetu yupo Wivu, yupo Yana Mwisho, na yupo mmoja, maskini, anaitwa Mashemeji. Sawa. Lakini huyu kapewa jina lake Novemba, na Novemba hiyohiyo mimi nilimkopesha bwana wake shilingi elfu themanini za mbolea. Hebu niambieni mlengwa ni nani.

Ahadi ilikuwa akivuna ananirudishia. Kavuna. Kauza. Kanunua sabufa. Nikipiga simu haipatikani. Nikienda kwake, mkewe ananipokea kwa heshima zote, "Karibu shemeji, katoka sasa hivi," na huku namsikia kule chumbani akikohoa.

Basi Ijumaa kanipigia mwenyewe. "Kaka, Jumapili tupande Gangilonga. Tupunge upepo, tuongee." Mimi niliposikia "tuongee" nikafua hadi soksi.

Kwa wasiofika Iringa, Gangilonga ni yale majabali yaliyokaa juu ya kilima, mji wote uko chini yake. Kwa Kihehe maana yake jiwe linaloongea. Kilima chenyewe kifupi, watoto wanakipanda huku wanatafuna muwa. Ila mimi na tumbo langu ni abiria wawili kwenye nauli ya mmoja. Halafu ilikuwa Julai, na Julai ya huku mnaijua: jua linawaka lakini la picha tu, upepo unapita kwenye sweta, unaitafuta fulana, na unaipata.

Tumeanza tu kupanda, jamaa akaniambia, "Nishikie mbwa kidogo nifunge kamba ya kiatu." Nikapokea kamba ya katani, mbwa akaona mbuzi, tukaondoka. Nasema tukaondoka kwa sababu sikuulizwa. Nilipopata nafasi ya kugeuka nyuma ndipo nikaangalia miguu ya rafiki yangu. Kavaa yeboyebo! Yeboyebo ina kamba wapi?

Naye huko nyuma anakuja mdogomdogo, mikono mfukoni, anaita kwa sauti ya kengele ya kanisa: "Sidaiwi! Sidaiwi!" Watu wako barazani na chai zao. Wanamwona mwanaume anatangaza mchana kweupe kwamba hadaiwi, na mbele yake mimi navutwa, nahema, kama shahidi aliyeletwa kwa nguvu. Mama mmoja muuza karanga akasema, "Huyu baba ana msimamo." Nilitaka kusimama nimweleze, mbwa akakataa.

Katikati ya mlima nikapata pumzi ya kutosha sentensi moja. Nikasema, "Ndugu yangu, ile hela..." Akanikata: "Unajua Mkwawa?"

Sasa huyu bwana aliwahi kuuza soda karibu na makumbusho ya Kalenga, kwa hiyo historia anayo yote kichwani, na anaitumia kama mwavuli. Akaanza. Kwamba Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, iliangushwa na Wajerumani mwaka 1894, lakini Mkwawa hakukamatwa. Kwamba walimsaka miaka minne, wakatangaza rupia 5,000 kwa kichwa chake. Kwamba Julai 1898 aliona bora ajipige risasi mwenyewe kuliko kutiwa mkononi. Anasimulia kwa uchungu, macho yanamlenga, hadi mimi mdai nikajiona kama Mjerumani. Miezi minane namsaka mtu, sina hata bunduki!

Nikavumilia. Tukafika juu. Nikakaa kwenye jabali, nikatoa viazi vyangu vya kuchemsha kwenye mfuko, nikaviweka pembeni nifute jasho. Viazi vitano. Nilifuta jasho mara moja tu, wala si kwa kirefu, nikakuta mfuko. Sidaiwi analamba pua na kuutazama mji kama mtalii.

Nikaona basi, hapahapa jiweni. Nikamwambia, "Bwana, jiwe hili linaongea, na sisi tuongee. Elfu themanini yangu."

Akavuta pumzi ndefu. "Unajua fuvu la Mkwawa, lile walilolichukua Wajerumani, lilirudi lini?"

"Sijui, na sidhani kama..."

"Mkataba wa Versailles, 1919. Waliandika kabisa kwamba Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Miezi sita! Unajua lilifika lini Kalenga? Mwaka 1954." Akanigusa bega kwa upole. "Miaka thelathini na mitano, kaka. Na Wahehe walisubiri."

Nawaambieni ukweli, hapo nilikosa neno. Mtu ananipa mfano wa mdaiwa sugu kuliko wote, halafu ananipa mimi kama faraja! Nikapiga hesabu, miaka thelathini na mitano mbele nitakuwa na miaka themanini na mbili. Elfu themanini yenyewe wakati huo sijui kama itanunua kibiriti.

Tukashuka kimya. Karibu na barabara simu yake ikaita, ile isiyopatikana. Akasikiliza, akasema, "Nishikie mbwa dakika mbili," akaparamia bodaboda. Leo ni Jumatano.

Mwanzoni nilifurahi. Nikasema dhamana hiyo, kaileta mwenyewe. Lakini dhamana gani inakula ugali sufuria nzima na dagaa juu? Sasa najumlisha dagaa kwenye deni, mke wangu ananiangalia tu. Mwenye mbwa nikimpigia, haipatikani.

Jana jioni mbwa kakata kamba. Nikatoka nje na sahani mkononi, kibarazani, nikaita kwa nguvu zangu zote: "Sidaiwi! Sidaiwi!"

Mwenye duka la jirani, yule ambaye daftari lake lina ukurasa wangu tangu Pasaka, akachungulia dirishani. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kofia. Nikatabasamu, nikamwonyesha sahani.

Akaingia ndani kulifuata daftari.